Kufunga laini ya RS-485 kwenye jengo la Kariakoo: mwongozo kamili, kuanzia kebo hadi usomaji wa mwisho

Fungua kifuniko cha mita ndogo ya umeme, zile zinazofungwa kila duka ili mwenye jengo ajue nani katumia uniti ngapi. Chini kabisa, kando ya skrubu nene za umeme wa volti 230, utaona skrubu tatu ndogo. Zimeandikwa A, B, na mara nyingine G. Mafundi wengi huziacha wazi. Mwisho wa mwezi mlinzi anapanda ngazi na daftari, anasoma namba kwa tochi ya simu, na wiki inayofuata kunakuwa na ugomvi wa bili kwa sababu saba ilisomwa moja.

Skrubu hizo tatu ni mlango wa RS-485, kiwango cha kupitisha data kati ya vifaa vingi kwa nyaya zilezile. Ukizifunga vizuri, kompyuta moja chini ya ngazi inasoma mita zote za jengo kwa sekunde mbili. Ukizifunga vibaya, utasoma mita sita kati ya 14, kesho tisa, keshokutwa nne, na utaanza kununua mita mpya ambazo hazikuwa na kosa. Nimeyaona yote mawili, na ndiyo sababu ya kuandika mwongozo huu. Mfano nitakaoutumia ni jengo la ghorofa tano Kariakoo: maduka chini, stoo juu, mita 14, na njia ya kebo yenye urefu wa mita 90 hivi. Lakini kanuni ni zilezile ukifunga pampu za maji, vipima joto vya chumba cha baridi, au invata (vifaa vya kudhibiti spidi) za mota kiwandani.

Kabla ya yote: ndani ya boksi hilo kuna umeme unaoua. Zima breka, pima kwa testa kuhakikisha hamna moto, ndipo uweke mkono. Kazi ya upande wa volti 230 ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania. Upande wa data hauna hatari yenyewe, ila unakaa sentimita chache tu kutoka kwenye hatari.

Kinachoendelea ndani ya waya

Kiwango cha zamani, RS-232 ya mwaka 1960, hupeleka ishara kwa waya mmoja na kuipima dhidi ya waya wa rejea. Kelele yoyote ikiingia kwenye waya ule inahesabiwa kuwa ni data. Ndiyo maana watu walizoea kuishia umbali wa mita 15 hivi. Mwaka 1975 ikaja RS-422, na mwaka 1983 RS-485. Toleo la RS-485 ambalo watengenezaji wengi wanalifuata ni TIA/EIA-485-A la mwaka 1998. RS-422 na RS-485 hutumia nyaya mbili kwa ishara moja: huu ukipanda, ule unashuka, na mpokeaji anaangalia tofauti kati yao tu.

Fikiria mizani ya mikono miwili sokoni. Mtu akigonga meza, sahani zote mbili zinaruka pamoja, lakini upande wenye uzito ndio unaolala chini. Kelele ya mota au ya lifti inagonga meza; inazisukuma nyaya zote mbili kwa kiasi kilekile, na tofauti inabaki palepale. Sharti lake ni kwamba nyaya hizo ziwe zimesokotwa pamoja, ili kelele izikute zote kwa kipimo kimoja.

RS-422 ina msemaji mmoja na wasikilizaji hadi 10. RS-485 inaruhusu wengi kusema kwenye nyaya zilezile, kwa zamu, na ndiyo tunayoitaka hapa. Mtumaji lazima atoe tofauti ya angalau volti 1.5 kwenye mzigo wa omu 54. Mpokeaji lazima aelewe hata ikifika volti 0.2 tu. Pengo hilo kati ya 1.5 na 0.2 ndilo linalokupa umbali: hadi mita 1200 kwa spidi ya chini, isiyozidi kilobiti 100 kwa sekunde. Kwenye megabiti 10 kwa sekunde unabaki na mita 12 hivi.

Kiwango hiki kinazungumzia umeme tu. Hakisemi plagi iweje wala lugha gani ipite ndani yake. Kwenye mita za umeme lugha hiyo mara nyingi ni Modbus, iliyoanzishwa na kampuni ya Modicon mwaka 1979.

Hatua ya kwanza: chora njia kabla ya kununua waya

Fundi wa wayaringi amezoea kutoa nyaya zote kwenye boksi moja na kuzisambaza kila ghorofa. Kwa taa ni sawa. Kwa RS-485 ni kosa. Laini hii ni mnyororo: inatoka kwenye kompyuta, inaingia mita ya kwanza, inatoka kwenye skrubu zilezile kwenda ya pili, hivyo hivyo hadi ya mwisho. Ina ncha mbili tu.

Sababu ni mwangwi. Ishara inasafiri kwenye kebo kwa karibu nanosekunde 5 kila mita, na ikifika mahali waya umekatika ghafla, inagonga na kurudi. Kila tawi lina mwisho wake, na kila mwisho una mwangwi wake. Tawi liwe refu kiasi gani? Watu wengi hukosea hapa kwa kuangalia spidi ya data. Kinachoamua ni wepesi wa kingo za ishara, yaani muda inaotumia kupanda kutoka chini hadi juu. Chipu ya taratibu yenye kingo za nanosekunde 250 inavumilia tawi la mita 5. Chipu kali yenye kingo za nanosekunde 10 inaanza kusumbuka tawi likipita sentimita 20, hata kama data yako inatembea kwa biti 9600 tu kwa sekunde. Kwa kuwa hujui ndani ya mita kuna chipu gani, usiweke tawi kabisa. Ingiza waya na utoe waya palepale kwenye skrubu.

Kwenye karatasi, chora kila ghorofa na uandike mita ipi inafuata ipi. Njia ya nyoka, ghorofa hadi ghorofa, ndiyo rahisi. Kama kompyuta inakaa katikati ya laini, haina shida. Ncha zitakuwa mita ya mwisho ya upande huu na mita ya mwisho ya upande ule. Muhimu ujue ncha ni zipi.

Hatua ya pili: kebo

Kebo iliyotengenezewa kazi hii ina jozi iliyosokotwa ya omu 120 (ukinzani inaoukuta ishara ikisafiri, si ule unaosomwa na multimita), waya wa tatu, na foili ya kuizunguka. Ukiipata, nunua hiyo. Usipoipata, kebo ya kawaida ya mtandao, ya Cat5e, inafaa vizuri. Jozi zake ni za omu 100, tofauti ndogo ambayo kwa jengo haitakusumbua.

Ila ichunguze. Sokoni kuna kebo ya mtandao ambayo si shaba, ni alumini iliyopakwa shaba. Vua waya mmoja, ukwangue kwa wembe. Ukiona weupe chini ya wekundu, irudishe. Waya huo unakatika chini ya skrubu ukiukunja mara mbili tatu, na ukikaa kwenye unyevu wa Dar ncha zake zinaliwa haraka. Njia ya pili ya kuhakikisha: fungua roli, unganisha nyaya mbili za jozi moja upande wa mwisho, pima upande wa mwanzo. Shaba ya kebo ya mtandao ina karibu omu 8.4 kwa kila mita 100 za waya mmoja. Kwa kebo ya mita 90, kwenda na kurudi, usome karibu 15. Ukipata zaidi ya 20, umeuziwa kitu kingine.

A na B lazima ziwe jozi moja: rangi ya chungwa na mwenzake mweupe-chungwa, kwa mfano. Nimewahi kukuta fundi ametumia chungwa kwa A na bluu kwa B kwa sababu rangi zake "zinaonekana vizuri". Nyaya hizo hazikusokotwa pamoja. Kila moja imesokotwa na mwingine. Sahani moja ya mizani ipo meza hii, nyingine meza ile. Laini ilikufa kila lifti ilipoanza kupanda.

Pitisha kebo mbali na nyaya za umeme, sentimita 30 hivi ukiweza, na zikikutana zikatane kama msalaba. Usiichanganye paipu moja na nyaya za invata ya lifti au ya pampu.

Hatua ya tatu: waya wa tatu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kazi nyingi za mjini zinapoharibikia.

Watu husema RS-485 ni nyaya mbili. Ishara ni nyaya mbili, kweli. Lakini mpokeaji ana mipaka: anavumilia nyaya zote mbili zikipanda pamoja hadi volti 12 juu ya rejea yake, au zikishuka hadi volti 7 chini. Nje ya hapo anasoma ovyo, na zaidi ya hapo chipu inaungua. Mizani inavumilia meza kutikiswa, haivumilii meza kupinduliwa.

Sasa tazama jengo letu. Duka la chini lipo kwenye fezi nyekundu, stoo ya juu ipo kwenye fezi ya bluu, na umeme ukikatika kuna jenereta inayoingia. Ethi ya kompyuta na rejea ya mita ya ghorofa ya tano si kitu kimoja. Tofauti yao inaweza kuwa volti kadhaa na inabadilika kadiri mizigo inavyowashwa. Bila waya wa tatu, hakuna kinachozifunga pamoja. Laini itafanya kazi asubuhi uliyoifunga, maduka yakiwa bado hayajawasha mafriji, kisha saa saba mchana mita zinaanza kupotea.

Kwa hiyo chukua jozi ya pili ya kebo, unganisha nyaya zake zote mbili kuwa mmoja, na huo ndio rejea. Unakwenda kwenye skrubu ya G, au C, ya kila mita. Kama kifaa hakijatenganishwa kiumeme ndani yake (yaani upande wa data umegusana kwa waya na sehemu nyingine za kifaa), weka rezista ya omu 100 kati ya rejea na G yake, ili tofauti ya ethi isipitishe mkondo mkubwa. Foili ya kebo ni jambo jingine: iunganishwe na ethi upande mmoja tu, kwenye kompyuta. Ukiifunga pande zote mbili, unaifanya foili kuwa njia ya mkondo wa ethi, na unaingiza kelele uliyotaka kuizuia.

Upande wa kompyuta, nunua adapta ya kuunganisha RS-485 na USB, iliyotenganishwa kiumeme. Inazidi bei ya ile ya kawaida, lakini ndiyo inayoikinga kompyuta siku kitu kikienda kombo juu.

Na kama laini inatoka nje ya jengo, tuseme kutoka ofisi hadi kisima kilichoko mita 300 huko Kigamboni, usitegemee waya wa tatu peke yake. Radi ya masika ikipiga karibu, ethi za sehemu hizo mbili zinatofautiana kwa maelfu ya volti kwa kitambo kidogo. Weka vizuia radi pande zote mbili na utenganishe kiumeme pande zote mbili, au pitisha faiba (kebo inayopeleka data kwa mwanga) kipande hicho. Mimi kwa sasa huchagua faiba, na sijajuta. Ukikaribia bahari, maboksi yapitishie kebo kwa chini ili maji yasifuate waya ndani. Shaba iliyoachwa wazi kwenye upepo wa chumvi haikawii kuota ukungu wa kijani.

Hatua ya nne: A ni ipi?

Kiwango chenyewe kinasema laini ikiwa kimya, A iko chini ya B. Watengenezaji wengi wa chipu, ikiwemo ile maarufu ya MAX485, wameyageuza majina: A yao ndiyo iliyo juu. Kwa hiyo mita ya kampuni moja na adapta ya kampuni nyingine zinaweza kuwa na herufi zilezile na maana tofauti. Niliwahi kurudisha mita mbili dukani nikidai ni mbovu, kumbe zote zilikuwa nzima na A yake ilikuwa B yangu.

Usiamini herufi. Washa kifaa kikiwa peke yake, bila laini, weka multimita kwenye volti za DC, pima A na B. Ile iliyo juu zaidi iite chanya. Andika kwa kalamu kwenye kila kifaa: + na −. Kama kipimo kinacheza karibu na sifuri na huwezi kuamua, jaribu kuwasiliana nacho, kisha geuza nyaya ujaribu tena. Kugeuza hakuunguzi kitu.

Hatua ya tano: rezista za ncha, na za kuegemeza

Kila ncha ya laini iwekewe rezista ya omu 120 kati ya + na −. Mbili tu, kwenye ncha mbili tu. Inameza ishara badala ya kuiacha irudi.

Nitasema ukweli: kwa kebo ya mita 90 na spidi ya 9600 unaweza kuishi bila hizo. Biti moja hapo inachukua mikrosekunde 104, na ishara inafika mwisho kwa chini ya nusu mikrosekunde. Mwangwi unakufa kabla mpokeaji hajasoma. Lakini mimi huziweka kila mara. Mwenye jengo ataongeza ghorofa, mtu atapandisha spidi, na hawatakupigia simu. Na zaidi, zinanipa kipimo cha kukagua laini nzima, nitakachokieleza hapo chini.

Rezista za ncha zina gharama yake. Wote wakiwa kimya, zinaivuta + na − zilingane, tofauti inakuwa sifuri, na mpokeaji wa aina ya zamani hajui asome moja au sufuri. Kelele kidogo anaiona ni mwanzo wa ujumbe. Dawa ni kuiegemeza laini: rezista moja kutoka + kwenda volti 5, nyingine kutoka − kwenda rejea. Kwa omu 560 kila moja, hesabu ni 5 × 60 ÷ (560 + 560 + 60), karibu volti 0.25, juu kidogo ya 0.2 inayotakiwa. Weka mahali pamoja tu, kwenye kompyuta. Adapta nyingine zinazo tayari ndani, pima kwanza. Chipu za kisasa zinahesabu sifuri kuwa ni kimya, lakini kwenye jengo lenye mita za umri tofauti, egemeza.

Hatua ya sita: ukaguzi wa multimita

Zima vyote. Pima omu kati ya + na − popote kwenye laini. Rezista mbili za 120 sambamba ni 60. Pamoja na ukinzani wa mita 90 za waya, utaona 63 au 64. Rezista za kuegemeza zikiwa zimefungwa zinaweza kukishusha kipimo kidogo, usishtuke.

Ukiona 120 na zaidi, upande mmoja haufikiwi: rezista haipo, au waya umekatika. Tembea ukipima kila mita. Mahali kipimo kinapobadilika, tatizo liko kati ya hapo na ulipotoka. Ukiona karibu 40, kuna rezista ya tatu katikati, mara nyingi ni swichi ndogo iliyowashwa ndani ya kifaa. Karibu na sifuri ni shoti.

Kwenye jengo letu kipimo kilikuwa sawa siku ya kwanza. Miezi baadaye mita tatu za juu zikawa zinakuja na kuondoka. Kipimo kikanipa 42. Nikamwamkia mlinzi, nikamuuliza kama kuna mtu amegusa waya. "Marahaba mwanangu. Lile duka la ghorofa ya tatu limegawanywa mara mbili, fundi wao akaja akaongeza mita." Nikafungua boksi: tawi lenye urefu wa mita saba limeungwa kwa solatepu, na mwishoni mita mpya ina rezista yake imewashwa. Nilizima ile swichi, nikalikata tawi, nikalifanya liende na kurudi kwa jozi mbili ili mnyororo upite pale. Mita zote 15 zikasomeka jioni hiyohiyo.

Kisha washa umeme, kompyuta isiulize chochote, pima volti za DC kati ya + na −. Unataka angalau 0.2, na + iwe juu.

Hatua ya saba: anwani na mazungumzo

Kila mita ipewe namba yake, kati ya 1 na 247. Nyingi hutoka kiwandani zikiwa na namba 1, kwa hiyo usiziunganishe zote kwa pamoja: unganisha moja, mpe namba, jaribu kuisoma, ndipo uende ya pili. Spidi na pariti (biti ya ziada ya kukagua makosa) zifanane kwa wote. Kuhusu idadi, kiwango kinahesabu mizigo 32 ya kawaida. Vifaa vingi vya sasa ni moja ya nane ya mzigo, hivyo vinafika 256 bila kifaa cha kurudia ishara.

Kwa 9600, swali na jibu la mita moja ni kama milisekunde 18 za waya, na muda wa mita kufikiri. Mpe kila mmoja nusu sekunde kabla ya kumhesabu kuwa hayupo.

Kama unajitengenezea kisomaji kwa kompyuta ndogo na MAX485, angalia unavyoachia laini baada ya kusema. Ukiiachia mapema, baiti yako ya mwisho inakatika na hakuna atakayejibu. Ukiichelewesha, unaizima baiti ya kwanza ya anayekujibu. Jibu lililokosa kichwa kila mara ni dalili ya hili, si ya waya.

Mwisho, chora laini ilivyo kweli, siyo ulivyopanga: mpangilio wa mita, namba zake, rezista ziko wapi, omu ulizosoma, volti ulizosoma, tarehe. Ipige leminesheni na ubandike ndani ya mlango wa boksi la chini. Masika yakiisha, rudi na multimita, kaza skrubu zote, na uandike kipimo kipya chini ya kile cha zamani.